Barua kwa Mwanangu: Kushukuru Bila Kuyaficha Maumivu

Mwanangu mpendwa,

Barua yako nimeipokea na nimeisoma mara tatu. Unasema tangu ulipoachishwa kazi usingizi umekuwa wa shida, unashtuka saa nane za usiku ukahesabu madeni hadi kunakucha, na kila unayemweleza hali yako anakujibu kwa neno moja tu: shukuru. Shukuru kwamba una afya, shukuru kwamba wapo walio na hali mbaya kuliko yako. Unaniuliza kama na mimi nitakuambia hivyo hivyo. Nitakuomba ushukuru, ndiyo, lakini si kwa namna hiyo, na naomba univumilie nikueleze tofauti yake, kwa kuwa naiona ni kubwa kuliko wengi wanavyodhani.

Anayemwambia mtu aliyeumia kwamba wapo walioumia zaidi humnyamazisha bila kumfariji. Mzigo unabaki uleule, na juu yake anaongezewa aibu ya kuulalamikia. Isitoshe, sipendi hata kidogo faraja inayojengwa juu ya msiba wa mtu mwingine. Kazi ile uliifanya miaka sita kwa moyo wako wote, na una haki ya kuihuzunikia kwa muda utakaohitaji. Wala usijilazimishe kumshukuru aliyekutoa kazini bila hata kukuita mkaongea, eti kwa sababu amekupa funzo. Hilo ni kosa alilokutendea, na liitwe kosa.

Haya nilianza kuyaelewa mwaka ule baba yako alipolazwa. Nilikuwa na daftari dogo la kuandikia saa za dawa zake. Usiku mmoja, homa ikiwa imempanda, muuguzi wa zamu aliingia, akamwinua kichwa taratibu kwa mkono mmoja, na kwa mkono wa pili akaugeuza mto ili ule upande uliokuwa bado baridi uje juu. Kisha akaenda zake. Hakuna aliyemwomba afanye hivyo, na sidhani kama alijua kuwa nilikuwa macho. Nilifungua daftari kwa nyuma, nikaandika: «Mto umegeuzwa, saa tisa usiku.» Baba yako hakupona kwa ajili ya maneno yale, na hofu yangu haikuondoka. Hata hivyo, kwa mara ya kwanza katika wiki nyingi, usiku ule ulikuwa na kitu kingine ndani yake zaidi ya hofu, na kitu hicho kilikuwa cha kweli kama ilivyokuwa kweli ile homa.

Miaka mingi baadaye nilisoma kuhusu watafiti wawili wa Marekani, Robert Emmons na Michael McCullough, ambao mwaka 2003 walichapisha utafiti kuhusu jambo hilihili. Kundi moja la washiriki liliandika mara moja kwa wiki, kwa wiki 10, mambo yasiyozidi matano waliyoyashukuru. Kundi la pili liliandika karaha za wiki hiyo. Na la tatu matukio tu, mema kwa mabaya. Walioandika shukrani waliyaona maisha yao kwa ujumla kuwa mazuri zaidi, waliitazamia wiki iliyofuata kwa matumaini zaidi, na hata malalamiko yao ya maumivu ya mwili yalikuwa machache. Sehemu iliyonigusa zaidi ni ile ya watu wazima wenye magonjwa ya misuli na mishipa ya fahamu, walioandika kila siku kwa siku 21. Hao hawakuwa na maisha mepesi, lakini walieleza kwamba walilala saa nyingi zaidi na kuamka wakiwa wamepumzika. Nimelitaja la usingizi kwa sababu ndilo ulilolilalamikia.

Hata hivyo, sitaki uione shukrani kama dawa ya kila ugonjwa. Uchunguzi uliofanywa baadaye kwa kukusanya tafiti nyingi umeonyesha kwamba faida yake ipo lakini ni ya kiasi, na kwa mwenye sonona au wasiwasi uliopindukia husaidia kidogo tu. Kwa hiyo usingizi ukiendelea kukukimbia, au ukianza kuona hakuna maana ya kuamka, nenda kwa daktari kwanza, na unipigie mimi simu saa yoyote. Daftari litasubiri.

Akili ya binadamu hulishika baya upesi kuliko jema. Mwanasaikolojia Roy Baumeister na wenzake walikusanya mwaka 2001 ushahidi mwingi kuhusu jambo hilo, ingawa yeyote aliyewahi kusifiwa na watu tisa na kutukanwa na mmoja analijua bila kuambiwa. Jema nalo lina udhaifu wake: tukilizoea hatulioni tena. Ndiyo maana barua ya kufukuzwa kazi unaikumbuka neno kwa neno, ilhali rafiki aliyekaa nawe jioni nzima siku ile umemtaja kwenye barua yako kwa mstari mmoja, tena kana kwamba umepitiwa. Mwanangu, nilisimama kwenye mstari huo muda mrefu. Alikaa saa ngapi? Alisema nini? Alikuwa na shughuli gani aliyoiacha ili aje? Andika hayo.

Ukiandika «afya, familia, marafiki» kila usiku, baada ya siku chache mkono utakuwa unaandika peke yake na moyo umelala. Chagua jambo moja, uliandike kwa undani wake, na umtaje aliyelitenda. Mtafiti Sonja Lyubomirsky na wenzake waliona kwamba waliohesabu mema yao mara moja kwa wiki walinufaika, huku waliofanya hivyo mara tatu kwa wiki hawakunufaika, ingawa wale wagonjwa niliokutajia waliandika kila siku na ikawafaa. Jipime mwenyewe, basi. Na usiku ambao huoni chochote, usitunge. Daftari langu lina kurasa zilizoandikwa «Leo hakuna» na tarehe yake, na sikuona haya kuziandika.

Tumekua tukiambiwa kwamba shukrani ya punda ni mateke, na mara nyingi tunaambiwa na mtu anayetukumbusha alichotupa. Hivyo shukrani imegeuka deni masikioni mwetu, na asiye na uwezo wa kulipa huogopa hata kuitamka. Lakini neno letu asante, ambalo asili yake ni Kiarabu, lilikuwa na maana ya umefanya vyema. Linamtazama mtendaji na tendo lake, wala halitaji malipo. Unaweza kulisema ukiwa huna kitu mfukoni.

Liseme, basi, kwa yule rafiki yako. Mwanasaikolojia Martin Seligman na wenzake waliwahi kuwapa watu wiki moja wamwandikie barua mtu aliyewatendea wema na hajawahi kushukuriwa ipasavyo, kisha wampelekee wenyewe. Matokeo yao, yaliyochapishwa mwaka 2005, yanaonyesha kwamba furaha ya waandishi hao iliongezeka sana na bado ilionekana mwezi mmoja baadaye. Najua utaona haya. Ni kawaida ya anayeandika kudhani kwamba mwenzake ataona ajabu, kumbe mwenzake hufurahi kuliko alivyotarajiwa.

Mimi mwenyewe nina barua ya namna hiyo niliyoichelewesha. Baba yako alipokuwa amelazwa, ulikuwa na miaka 11. Nilikuwa natoka nyumbani alfajiri bila kuwasha taa nisije nikakuamsha, na kila alfajiri nilivikuta viatu vyangu mlangoni vimewekwa sambamba, ncha zikielekea nje, kamba zimelegezwa tayari. Kwa muda mrefu nilidhani ni mimi niliyeviweka. Usiku mmoja nilitoka kunywa maji, nikakukuta umechuchumaa gizani unailegeza kamba ya kiatu cha kushoto kwa vidole viwili, polepole, ili usitoe sauti. Nilirudi chumbani kabla hujaniona, nikaandika kwenye daftari: «Viatu.» Neno hilo utalikuta humo mara nyingi. Sikukuambia kwa sababu nilijua nikifungua mdomo nitalia, na wakati ule nilidhani hukupaswa kuniona nikilia.

Asante, mwanangu. Ulinisaidia kutoka mlangoni siku ambazo sikutaka kutoka.

Daftari lenyewe nimelituma pamoja na barua hii. Kurasa za mwisho bado hazijaandikwa kitu.

Ni mimi mama yako,
akupendaye sana.