Shelfu za wazi jikoni: mambo ya kujua kabla fundi hajatoboa ukuta

Wateja wengi siku hizi wanakuja karakana na picha tayari kwenye simu: ukuta mweupe, mbao mbili tatu za rangi ya asali, sahani zimepangana, mmea unaning'inia pembeni. "Fundi, nataka kama hii." Inawezekana, wala si kazi kubwa. Ila kwenye picha ile hakuna mtu aliyekaanga samaki. Kwako watakaangwa, tena pengine jioni hii hii.

Mafuta yakichemka kikaangoni hupanda pamoja na mvuke, kisha hutua juu ya kila kilicho karibu. Kwenye shelfu ya wazi yanakutana na vumbi linaloingia dirishani. Chukua bakuli ambalo halijaguswa wiki mbili, pitisha kidole ndani: utakuta utando wa kahawia unaonata, na maji baridi hayautoi. Ndiyo maana hatuanzi kwa kumuuliza mteja anataka mbao za rangi gani. Tunamuuliza ni vyombo gani vinaoshwa kwake kila siku. Sahani za chakula cha kila siku, vikombe vya chai, bilauri, mabakuli ya mboga, hivyo vikae wazi, kwa sababu vinapita kwenye sabuni kabla utando haujashika. Seti ya wageni inayotoka Idi na Krismasi iache kabatini, hata kama ndiyo nzuri kuliko zote.

Watu wa mwambao walilijua hili zamani. Kwenye nyumba za mawe za Lamu, nyingi za karne ya 18, kuna zidaka, yaani vishimo vya kuwekea vyombo vilivyojengwa ndani ya ukuta, safu juu ya safu, zimenakshiwa kwa chokaa, na humo ndimo zilimopangwa sahani za kaure kutoka China. Lakini zidaka zilikuwa chumba cha ndani. Moshi wa meko haukuzifikia.

Kwa hiyo shelfu isikae juu ya jiko. Isogee pembeni angalau futi 2, na mahali pazuri kuliko pote ni ukuta wa karibu na sinki, ambapo sahani ikishakauka unanyoosha mkono tu. Kama unapikia mkaa humo humo ndani, tunakushauri kabati la milango. Masizi hayana subira. Ubao wa chini tunauweka inchi 18 juu ya kaunta ili chupa ya chai na blenda zipate pa kusimama, na kati ya ubao na ubao inchi 12 zinatosha. Upana wa inchi 10 hubeba sahani kubwa nyingi. Ukizidisha 12, vitu vinaanza kujificha nyuma, na kipaji cha uso kinaanza kukutana na kona.

Mbao: mninga na mkongo ni ngumu, zinapendeza, na bei yake unaijua. Msonobari wa Sao Hill ni rahisi na mwepesi, na ukipigwa msasa vizuri na vanishi mikono mitatu unadumu. MDF, yaani ubao wa nyuzi za mbao zilizogandishwa kwa gundi, karibu na sinki hatukushauri. Kingo zake hunywa mvuke, zikavimba, na zikishavimba hazirudi. Na mkague fundi yeyote, hata sisi: pitisha mkono chini ya ubao. Mafundi wengi hupaka juu na mbele tu, chini wanaacha pakavu. Upande ule unavuta unyevu, wa juu hauvuti, na ubao unapinda.

Sasa ukuta, maana hapa ndipo shelfu nyingi huangukia. Sahani moja ya udongo ya inchi 10 ina uzito wa zaidi ya nusu kilo, kwa hiyo dazeni moja ni kama kilo 7. Ongeza mabakuli na vikombe, ubao wa futi 4 unafika kilo 20 kabla hujaweka pambo lolote. Uzito huo hauendi chini tu, unavuta pia skrubu ya juu ya kila breketi itoke ukutani. Na mbele ya tofali kuna lipu, pengine inchi nzima. Ukitoboa unaisikia: drili inaingia kama kwenye mchanga, vumbi laini linamwagika, halafu ghafla inakaza. Hapo ndipo tofali limeanza. Ukitumia skrubu ya inchi 2 na plagi fupi, plagi yote inaishia kwenye lipu, na lipu haibebi kitu. Sisi tunatumia skrubu za inchi 3 na plagi za plastiki zinazozama ndani ya tofali, breketi moja kila futi 2. Hatutoboi juu wala chini ya soketi au swichi moja kwa moja, maana waya mara nyingi hupita hapo hapo wima. Kwa walio karibu na bahari, Kigamboni au Mbezi Beach, breketi za chuma zipigwe rangi ya kuzuia kutu kwanza, hata zile zinazouzwa zikiwa nyeusi tayari.

Kupanga, wengi hukosea kwa kujaza. Acha sehemu ya ukuta ionekane. Sahani nzito zikae nyuma, juu ya breketi, zisizidi sita kwa rundo. Vikombe vya aina moja vikae pamoja hata kama rangi zimetofautiana kidogo. Pambo la jikoni kwetu halihitaji kununuliwa mbali: kawa iliyofumwa kwa ukili, chungu kidogo cha miiko, sahani za bati zenye maua ambazo mama alikuwa anataka kuzitupa. Viungo kwenye chupa za kioo vinavutia kweli, ila mwanga na joto huondoa harufu ya iliki na binzari. Weka za matumizi ya wiki, nyingine zifungie gizani. Mchele na unga viwe na mfuniko unaobana, fukusi hawajali mapambo.

Usafi wake ni maji ya vuguvugu na sabuni ya vyombo mara moja kwa wiki, kisha kitambaa kikavu. Steelwool iweke mbali na vanishi.

Ukihitaji tuje, tutumie picha ya ukuta mzima kuanzia jiko hadi sinki, soketi zionekane, pamoja na kipimo cha sahani yako kubwa kuliko zote. Kama umepanga, zungumza na mwenye nyumba kwanza kuhusu kutoboa. Akikataa, tunatengeneza pia shelfu ya kusimama sakafuni yenye vipimo hivyo hivyo, na siku ya kuhama unaondoka nayo.