Sentoni moja ni muda gani?

Ndugu Mhariri,

Msomaji wenu aliyeandika Jumamosi iliyopita kuhusu tamthilia za anga za mbali ametetea jambo ambalo siwezi kulinyamazia. Alisema maneno kama sentoni, wapu na dilithiamu yametungwa tu na watu wa televisheni, kwa hiyo hakuna anayeweza kuyatumia vibaya. Leo yawe na maana hii, kesho ile, mtazamaji anachotaka ni mapigano na stelingi wake. Mimi ni fundi saa hapa Kariakoo. Juu ya meza yangu kuna runinga ndogo ambayo wateja huitazama wakisubiri, na nimewaona wanavyotazama. Wanataka zaidi ya hayo.

Chukua Battlestar Galactica ile ya zamani, iliyoanza kuonyeshwa Marekani Septemba 1978. Glen Larson aliyeibuni hakutaka watu wake, ambao hawajawahi kuiona dunia yetu, wahesabu muda kwa vipimo vyetu. Wazo zuri sana, nalipenda mpaka leo. Wakapewa vipimo vyao: maikroni kwa kitu cha mfano wa sekunde, sentoni kwa dakika, sentari kwa saa, yareni kwa mwaka. Mtazamaji angetulia akasikiliza sehemu chache, angevizoea. Tatizo ni kwamba waandishi wenyewe hawakuvizoea. Sentoni mara nyingi ni dakika, halafu mahali pengine mhusika anaitaja, na ukipima shughuli anayoizungumzia unaona haiwezi kuwa chini ya saa nzima. Maikroni nayo ni kipimo halisi tayari, tena cha urefu: sehemu moja ya milioni ya mita.

Sasa kamanda akisema maadui watafika baada ya sentoni 20, nimwelewe vipi? Kama ni dakika 20, marubani wakimbilie vyombo vyao sasa hivi. Kama ni saa 20, kuna muda wa kupika, kula na kulala. Na tamthilia ile iliishi kwa hofu ya kufukuzwa: masalia ya makoloni 12 wanakimbia, maadui wao Wasailoni wako nyuma yao. Anayefukuzwa anahesabu muda, hana kingine cha kuhesabu. Ukinivurugia kipimo umeniondolea hofu yenyewe, nimebaki natazama taa zinazomulika gizani.

Pengine mwenzetu atasema kinachochanganya ni ugeni wa maneno. Sikubali, na ushahidi anao kila mtu wa pwani. Mteja ananiambia atarudi saa tatu, na wakati huo akrabu ya saa ninayomtengenezea itakuwa kwenye tisa. Mgeni anayetua uwanja wa ndege kwa mara ya kwanza anashangaa. Sisi hatupotei, wala mtoto wa darasa la kwanza hapotei, kwa sababu tofauti ni sita. Ilikuwa sita kwa babu zetu na itakuwa sita keshokutwa. Ingekuwa sita Kariakoo na nne Mbagala, hakuna harusi ambayo ingepata wageni wake.

Wanasayansi wa kweli nao walilazimika kubuni neno la muda, na tazama walivyolitunza. Siku ya Mirihi ni ndefu kuliko yetu, saa 24, dakika 39 na sekunde 35 hivi. Vyombo vya Viking vilipotua huko mwaka 1976, watu wa NASA, shirika la anga la Marekani, waliiita siku hiyo sol, isichanganywe na siku ya duniani. Ni sol mpaka leo. Waliokuwa wakiyaongoza magari ya Spirit na Opportunity, yaliyotua Januari 2004, walifanya kazi kwa muda wa Mirihi, na fundi saa mmoja wa Montrose, California, Garo Anserlian, aliwatengenezea saa za mkononi zinazochelewa dakika hizo 39 kila siku. Hazikuwa za betri. Zilikuwa saa za mitambo, akazitia vizito vidogo vya madini ya risasi ili magurudumu na akrabu ziende polepole kwa kiasi hichohicho, siku baada ya siku. Anayeijua kazi hii anajua ugumu wake: maisha yetu mafundi ni kuondoa uchelewaji, yeye aliutengeneza na kuufanya usiyumbe. Natamani sana kuishika saa moja kati ya hizo. Na kama sol ingekuwa siku leo na wiki kesho, gari lingeamriwa kuamka usiku, paneli zake hazina jua.

Star Trek, tamthilia nyingine ya anga, iliyoanza mwaka 1966, imefanya vizuri na vibaya. Mwanzoni meli yao ya anga ilitegemea fuwele za lithiamu, na kabla msimu wa kwanza haujaisha zikawa za dilithiamu. Hapo sioni kosa. Lithiamu ni elementi halisi, ya tatu katika jedwali, leo imo kwenye betri ya kila simu. Walihamia jina lao wenyewe na wakabaki nalo.

Kinachoniuma ni wapu, kipimo chao cha kasi ya meli. Kwa utaratibu wa mwanzo, unachukua namba ya wapu na kuipandisha kwa kipeo cha tatu, unapata ni mara ngapi ya kasi ya mwanga: wapu 2 ni mara 8, wapu 8 ni mara 512. Katika sehemu moja ya mwaka 1969 meli ilifika wapu 14.1. Ilipokuja Next Generation, Star Trek ya pili yenye wahusika wapya, mwaka 1987, kipimo kilibadilishwa kwa makusudi, wapu 10 ikawa kasi isiyo na kikomo, ambayo hakuna chombo kitakachoifikia. Mabadiliko ya namna hiyo nayaheshimu, yana mpaka unaoeleweka. Lakini sehemu ya mwisho ya tamthilia hiyohiyo, mwaka 1994, tukasikia wapu 13. Mwaka 1996, katika Voyager, Star Trek nyingine, rubani akavuka wapu 10 na mwishowe akageuka kiumbe mfano wa mjusi. Mashabiki hueleza kwamba wapu 13 ilitajwa katika miaka ya mbele ya hadithi, na huko kipimo kilikuwa kimebadilika tena, ila ndani ya hadithi hakuna mhusika aliyetuambia hivyo. Mtazamaji ameachiwa kazi ya mwandishi.

Simlaumu mtu mmoja. Tamthilia ya sehemu 20 na zaidi kwa mwaka ina waandishi wengi, kila mmoja na skripti yake. Ronald D. Moore, aliyeandika Star Trek kwa miaka mingi, ameeleza kwamba penye maelezo ya kitaalamu waliacha nafasi iliyoandikwa "teki" tu, washauri wa sayansi wakaijaza baadaye. Neno lililojazwa baadaye haliwezi kubeba tukio, maana tukio liliandikwa bila lenyewe. Moore huyohuyo alipoifufua Galactica mwaka 2003 alirudisha dakika na saa za kawaida. Ilikuwa kazi bora, lakini nilisikitika. Wazo la Larson lilihitaji mtu wa kulitunza, likatupwa.

Naandika haya sasa kwa sababu vijana wa hapa mjini wanatunga hadithi kama hizi kwa Kiswahili. Mpwa wangu na wenzake wana skripti ya Kigamboni ya miaka 200 ijayo, vyombo vya anga vinapaa kutoka Kimbiji, na wamebuni kipimo cha muda wanachokiita mpigo. Nimeisoma yote na nimeipenda. Ila mwanzoni nahodha ana mipigo mitano kabla hewa haijaisha, na ukiyasoma maongezi yao kwa sauti yanamalizika kwa dakika mbili. Mbele kidogo mtoto analala mipigo mitatu, anaamka asubuhi. Nikamwambia, "Mwanangu, amueni moja." Akaniuliza, "Mjomba, nani atahesabu?" Mimi nitahesabu. Na mama anayesubiri betri kwenye benchi langu atahesabu pia, hata kama hajui kwamba anahesabu. Ataona tu haogopi tena.

Nilimfungulia mpwa wangu saa ya betri nikamwonyesha kile kifuko kidogo chenye fuwele. Inatetema mara 32,768 kwa sekunde, saketi inagawa kwa mbili mara 15, kinachobaki ni pigo moja, sekunde moja. Nimewashauri mpigo wao nao utokane na kitu ndani ya hadithi, labda injini ya chombo chenyewe, na mmoja wao awe na daftari: kila neno jipya, maana yake, mahali lilipotajwa kwanza. Skripti isitoke mikononi mwao kabla mwenye daftari hajaipitia.

Kwenu nina ombi moja. Mchambuzi wa ukurasa wenu wa burudani husifu picha, mavazi na waigizaji. Tamthilia za vijana hawa zikitoka, aviangalie na vipimo vyao, na akikuta kimoja kimeyumba aandike ni katika sehemu ya ngapi.

Fundi saa,
Mtaa wa Mchikichi, Kariakoo,
Dar es Salaam