Dawa za TB zimeisha na uvimbe bado uko kwa pafu? Soma hii

Hapa kwenye kituo chetu cha eksirei na CT (mashine inayopiga picha za ndani ya mwili kwa vipande vipande) Kampala tunapokea sana wateja wa aina hii: kijana, saa zingine mtoto, kaleta bahasha imejaa filamu za zamani, amemeza dawa za TB miezi 6 yote, makohozi yalipimwa kwa GeneXpert, ile mashine ya kutafuta mdudu wa TB, na mdudu hakuonekana, na ukizishika filamu ya kwanza na ya mwisho kwenye taa unaona duara lile lile, pale pale pembeni ya pafu, halijapungua hata kidogo. Uganda TB ni nyingi, kwa hiyo daktari kuanza nayo ni sawa kabisa. Ila dawa zikiisha na duara liko, tafadhali msikubali kurudia mzunguko mwingine bila mtu kuuliza hicho kitu ni nini.

Inaweza kuwa kansa, ndio. Inaweza kuwa fangasi kwenye kovu la TB ya zamani, au kwa ndugu zetu wafugaji wa Karamoja ule uvimbe wa maji unaotokana na minyoo ya mbwa, na huo usichomwe sindano ovyo. Halafu kuna mmoja adimu, uvimbe wa inflamesheni (yaani kama wa mwili kuvimba na kupambana), madaktari wanaandika IMT. Haufiki hata asilimia 1 ya uvimbe wote wa mapafu, lakini unapenda vijana, wengi hawajafika miaka 40. Ndani yake kuna seli ndefu za zile zinazotengeneza kovu, zimechanganyika na seli za kinga, ndo maana mtu anapata homa za hapa na pale, kilo zinashuka, ESR (kipimo cha damu cha inflamesheni) iko juu, yaani ukiangalia kwa nje unasema TB tu. Wengine hawakohoi hata, wanaugundua kwenye eksirei ya kwenda kufanya kazi Dubai.

CT inaonyesha ukubwa, na kama umeshika mbavu au mshipa mkubwa. Jina la uvimbe haikupi, na atakayekuambia kwa picha peke yake kwamba hii ni kansa au siyo, anakisia.

Sindano nayo inavuta kauzi kembamba ka nyama, ikiangukia penye seli za kinga tupu jibu linarudi "inflamesheni" basi, mgonjwa anapewa antibayotiki anarudi nyumbani na uvimbe wake. Kwa hiyo mara nyingi operesheni ndo kipimo na ndo tiba. Daktari wa upasuaji wa kifua, kama wale wa Uganda Heart Institute pale Mulago, anapima kwanza nguvu ya pumzi, halafu kama uvimbe uko pembeni anakata kabari ndogo, kama umeingia ndani anatoa sehemu nzima, pafu la kulia lina sehemu 3 la kushoto 2. Ukitoka wote na kingo zikawa safi, wengi wanapona kabisa. Kikibaki kipande unaweza kurudi, hata baada ya miaka, ndo maana hata aliyepona anaendelea kupigwa picha.

Hapa ndo tunawaomba sana familia muwe macho: hiyo nyama lazima iende patholojia (maabara inayoangalia nyama kwa darubini), kwenye fomalini, ile dawa ya maji inayozuia nyama isioze, jina liandikwe kwenye kopo lenyewe siyo kwenye kifuniko, na muulize kile kipande cha nta, ambacho maabara inaigandisha nyama ndani yake, kinahifadhiwa wapi. Karibu nusu ya uvimbe huu una badiliko kwenye jeni iitwayo ALK, na tangu 2022 Marekani wameruhusu dawa ya crizotinib kwa wenye badiliko hilo ambao hawawezi kupasuliwa, kuanzia mtoto wa mwaka 1. Bila kile kipande hakuna wa kupima.

Ukija kwetu leta filamu ZOTE na kadi ya TB, kuzisoma za zamani hatulipishi. Kama CT yako ni ya dawa ya mshipani njoo na majibu ya figo, usile masaa 4 kabla, na mama mwenye mimba atuambie mapema kabla hajaingia chumba cha mashine.