Barua kwa Rehema kuhusu baiskeli yake mpya

Tanga,
Jumapili jioni

Shoga yangu Rehema,

Salamu nyingi kutoka huku. Sote hatujambo, ila mvua zimeanza na mitaani ni madimbwi matupu. Picha ya baiskeli nimeipata, nimefurahi mno. Magurudumu ya inchi 20, tena inakunjika! Kwa mtu anayekaa ghorofani kama wewe, umechagua vizuri sana.

Hao wanaokuambia umenunua baiskeli ya mtoto wasikutie unyonge. Mwaka 1962 Mwingereza Alex Moulton, yule yule aliyebuni springi za mpira za gari la Mini, alitoa baiskeli ya magurudumu madogo yenye springi mbele na nyuma. Mwaka huo huo mwendesha baiskeli John Woodburn akaipanda kutoka Cardiff hadi London, akavunja rekodi ya njia hiyo. Wewe unakwenda kazini tu, lakini ujue umepanda kitu cha heshima.

Umeniuliza ununue nini kwanza. Nakusihi pesa usiimalizie kwenye gia wala mapambo. Ugomvi wa gurudumu dogo ni na barabara. Shimo ambalo baiskeli ya Phoenix ya inchi 28 inalivuka, gurudumu lako linatumbukia humo. Halafu linazunguka sana: mzunguko wake mmoja ni kama mita moja na nusu, wa Phoenix unapita mita mbili. Ukienda kilomita 10, lako limezunguka mara 6,500 hivi, la Phoenix kama 4,500. Kwa hiyo tairi na beringi zako zitachoka mapema, na kila kosa la upepo utalisikia kiunoni.

Basi cha kwanza ni pampu. Nunua ile ya kusimama chini, unaishika kwa mikono miwili na kuikanyaga, na iwe na geji ya kuonyesha upepo umefika wapi. Tyubu ndogo inabeba upepo kidogo, hivyo ukipungua kidogo tu baiskeli inakuwa nzito na rimu inagonga. Soma ubavuni mwa tairi. Tairi nyingi za upana wa 1.75 huandikwa kati ya PSI (kipimo cha nguvu ya upepo) 40 na 65. Anza katikati, nyuma uzidishe kidogo kwa sababu uzito wako mwingi uko huko. Pima kila wiki. Kama valvu ni nene kama ya pikipiki, utashawishika kwenda kujaza kituo cha mafuta. Mashine ile ina nguvu, na tyubu ndogo kama hiyo inaweza kupasuka kabla hujaondoa mkono.

Ukiwa hapo ubavuni, angalia na saizi. Si kila inchi 20 ni moja. Ikiandikwa kwa nukta, mfano 20 x 1.75, kwa kawaida rimu ni ya kipenyo cha milimita 406, sawa na BMX za watoto, na tyubu zake zinapatikana kirahisi. Ikiandikwa kwa sehemu, kama 20 x 1⅜, hiyo mara nyingi ni 451 na tairi ya 406 haiingii hata ulie. Muuza duka atakwambia "ni hizi hizi tu, dada". Mwonyeshe namba.

Vifaa vingine ni vichache. Funguo za L zenye pembe sita, namba 4, 5 na 6, zitakufikisha kwenye usukani, siti na breki. Spana namba 15 ni ya pedeli na mara nyingi ya nati za magurudumu pia. Pedeli ya kushoto imekatwa meno kinyume: inafunguka ukiizungusha saa inavyokwenda. Wengi huikaza kwa nguvu zote wakidhani wanaifungua. Ongeza liva mbili za plastiki za kutolea tairi (bisibisi itakutoboa tyubu), viraka, msasa na gundi. Ukiziba pancha, iache gundi ikauke mpaka ising'ae ndipo ubandike. Na kabla ya kurudisha tyubu pitisha kitambaa ndani ya tairi yote polepole, mwiba bado umo humo.

Sasa bawaba, pale baiskeli inapokunjikia, na hapa nisikilize vizuri kwa sababu ndipo penye hatari. Kila ukishaikunjua, funga mkono wa loki ya fremu na ule wa bomba la usukani. Unapoufunga unatakiwa uhisi ukaidi tangu nusu ya njia, na ukimaliza uwe umekuachia alama kiganjani. Ukifunga kwa kidole kimoja, umelegea. Kaza nati yake robo mzunguko, jaribu tena. Halafu simama kando, bana breki ya mbele, isukume baiskeli mbele na nyuma. Ukisikia "tok" kwenye bawaba, usipande. Bomba la siti nalo lina mstari wa mwisho wa kupandisha. Usiuvuke hata kama miguu ni mirefu. Lifute likae kavu, ukilipaka grisi siti itakuwa inashuka safarini.

Ukishazoea ndipo ubadilishe vitu, na mimi ningeanza na tairi. Weka pana kadiri fremu na madigadi vinavyoruhusu, hadi 2.0 kama inapita. Tairi pana yenye upepo wa wastani ndiyo springi yako. Tairi iitwayo Schwalbe Marathon, ya 406, ina tabaka la kuzuia miiba na inadumu. Bei yake si ndogo, lakini ukiipata, chukua. Ukiikosa, tairi ya BMX yenye mgongo laini inatosha. Achana na zile zenye meno makubwa, zinakula nguvu bure.

Zinazofuata ni mipira ya breki. Inayokuja na baiskeli ya bei nafuu mara nyingi ni migumu kama kwato, na mvua ikinyesha haishiki. Mizuri haina gharama kubwa. Pedeli za plastiki za kukunja zikianza kulia, badilisha pia. Madigadi kama haina, weka kabla masika hayajapamba moto, maana gurudumu dogo linakurushia tope hadi mgongoni. Taa na kengele huhitaji kuambiwa.

Cheni usiruhusu fundi aipake oili chafu ya injini. Inashika mchanga, na mchanga ndio unaoila. Futa kwa tambara, tia tone moja kwenye kila pingili, zungusha pedeli, futa ya juu. Hata mafuta ya cherehani yanafaa, ila utayarudia mara kwa mara, hasa kwetu pwani na hewa hii ya chumvi.

Kabla hujalipia tairi yoyote, niandikie namba zilizo ubavuni mwa hizo zilizopo, na upime nafasi kati ya tairi na madigadi. Nikishajua nitakwambia kama 2.0 itaingia. Mama nisalimie, na watoto pia.

Wako,
Mwanahamisi