Mashine ya meseji za sauti ikigoma kuwaka, msikimbilie kununua mpya

Mhariri,

Naomba nafasi kidogo kwenye gazeti lako niongee na wenzangu wa maofisini, hasa sisi tunaokaa mapokezi, pamoja na mabosi wetu. Nataka kuongelea ile mashine inayopokea simu tukishafunga ofisi, wengine mnaiita voisimeli, ile ambayo mteja anaacha maneno yake usiku na asubuhi unakuta taa nyekundu inapepesa kwenye simu ya mezani. Mimi sio fundi, ni mpokea simu, lakini yaliyotukuta yamenifundisha kitu na naona maofisi mengi hapa mjini yana tatizo hilohilo na hayajui.

Ofisi yetu iko maeneo ya Posta na kazi yetu ni kutoa mizigo bandarini. Wateja wetu wengi ni wa mikoani, wengine wanapiga saa tano usiku wakiwa njiani. Yupo mzee mmoja mwenye malori anaishi Tunduma, huyo hatumi meseji za kuandika kabisa, anapiga ile namba ya 022 anaongea dakika mbili nzima, anasalimia kwanza, anauliza watoto, ndio anasema kontena namba fulani lori litafika lini. Kwa hiyo ile mashine kwetu sio pambo, mzigo ukichelewa kutoka bandarini siku zikipita za bure unaanza kulipia kila siku.

Sasa umeme ulikatika Jumamosi jioni ukarudi Jumapili usiku. Jumatatu naingia, simu zinafanya kazi vizuri, ila hakuna taa nyekundu hata moja, nikapiga ile ekstensheni ya meseji inaita tu inaita tu mpaka inakata. Nikaenda kwenye kabati la chini ya ngazi, nakuta mashine yenyewe taa ya kijani inawaka, feni inazunguka, ukiangalia kwa macho utasema mzima wa afya. Lakini haiamki.

Hapo ndio tulipokosea wote. Nikaizima nikaiwasha. Mhasibu akaja akaizima akaiwasha. Bosi naye akaja, mara tatu, halafu mesenja akachomoa waya akapuliza akachomeka tena, yani siku nzima kila anayepita anaizima na kuiwasha, na kila mtu anasema Ijumaa ilikuwa nzima. Mchana akaja fundi wa kwanza, hakufungua hata skrubu moja, akaiangalia tu akasema hii imekufa, ni ya zamani, nunueni mpya, akatuandikia na bei. Nikamuuliza na meseji zilizomo ndani je, akasema hizo zimeshaondoka, au mkitaka nitaifuta hadidiski yote nipige programu upya. Namshukuru Mungu bosi alisema tusubiri, mana tungekubali ndio ingekuwa basi tena.

Jumatano akaja kijana mwingine, ndugu wa mwenzetu, kabeba skrini ndogo na kibodi. Akaniambia, mama, hii mashine ni kompyuta kama kompyuta nyingine, ila hamna wa kuiona inachosema kwa sababu haina skrini. Akachomeka skrini yake. Mhariri, maandishi yalikuwa pale pale! Inasema mipangilio imepotea, bonyeza F1 kuendelea. Yani siku tatu tunahangaika mashine imesimama inasubiri mtu abonyeze kitufe kimoja, na kitufe chenyewe hakipo kwa sababu haina kibodi. Tarehe yake ilikuwa imerudi 1 Januari ya mwaka ilipotengenezwa.

Akaifungua akanionyesha betri ndogo ya duara kama ya saa, imeandikwa CR2032. Akanielewesha kwamba 20 ni upana wake milimita 20 na 32 ni unene milimita 3.2, ikiwa mpya inatoa volti 3. Yetu alipoipima mita ilisoma 1.1, na kile kibati kinachoishikilia kilikuwa na ukungu wa kijani pembeni, hewa ya chumvi hii ya Dar hamuijui nyie mnaokaa na viyoyozi. Kazi ya hiyo betri ni kutunza saa na mipangilio mashine ikiwa haina umeme kabisa.

Nikamuuliza, mbona Ijumaa ilikuwa inafanya kazi? Jibu lake ndio lililonifanya nichukue kalamu. Akasema ikiwa imechomekwa ukutani na umeme upo ile betri haihitajiki, kwa hiyo inaweza ikawa imekufa mwaka wa pili huu na hakuna atakayejua, mpaka siku umeme ukate mrefu na UPS, kile kiboksi cha betri kinachoshikilia mashine umeme ukikatika, nayo iishe. Mashine yetu haijawahi kuzimwa tangu tuhamie jengo hili, miaka sita. Sisi tulikuwa tunajisifu kwamba haijawahi kuzima! Kumbe ugonjwa ulikuwa umekaa humo ndani kimya. Na UPS yenyewe ilikuwa inapiga kelele tangu mwezi uliopita, mtu akaizima sauti kwa sababu inasumbua. Betri za zile UPS, za risasi, nyingi zinadumu miaka mitatu mpaka mitano hivi, yetu hakuna anayekumbuka ilibadilishwa lini.

Betri mpya mesenja aliifuata Kariakoo, shilingi elfu mbili. Lakini haikuwa mwisho, kubadilisha betri hakurudishi mipangilio iliyokwishapotea. Alivyobonyeza F1 ikasema haioni diski ya kuwakia, kijana akaingia kwenye mipangilio akarudisha namna ya kusoma diski kama ilivyokuwa, maana ilikuwa imejirudisha kwenye mipangilio ya kiwandani. Ikaona diski, ikaanza kuikagua, asilimia moja, asilimia mbili, taratibu kweli. Bosi akasema imekwama hiyo, zima. Kijana akakataa, akamwambia mzee naomba usiiguse, huu ukaguzi umetokana na kuzimika ghafla umeme ulipokatika, ukiukata katikati ndio unaharibu mafaili ya meseji. Tukakaa dakika arobaini tunaangalia namba. Ilipomaliza programu ya meseji ikagoma tena, leseni inasema haijaanza kutumika, kwa sababu ile tarehe ilikuwa bado ya miaka ya nyuma. Akaweka tarehe ya leo. Na hapo kuingia kwenyewe tuliteseka, paswedi ilikuwa na mwenzetu aliyeacha kazi, tukampigia, bahati akapokea, bahati alikumbuka.

Saa kumi na dakika kumi taa nyekundu ikawaka mezani kwangu. Meseji zote za nyuma zipo. Ila za Jumapili mpaka Jumatano hazipo wala hazitakuwepo, hazikurekodiwa. Yule mzee wa Tunduma alipiga Jumapili usiku na Jumatatu alfajiri akasikia inaita tu, akajua tumefunga kwa msiba au nini, lori lake likakaa siku mbili bila maelekezo. Nilimpigia kumuomba radhi, akasema hamna shida mwanangu, lakini mimi iliniuma na bado inaniuma.

Kwahiyo ombi langu kwa maofisi ni hili. Izimeni wenyewe kwa hiari, siku mnayoitaka nyie, fundi akiwepo na skrini na kibodi, bakapu ya meseji ikiwa imeshachukuliwa, muone kama itaamka. Isipoamka Jumamosi mchana mna Jumapili nzima ya kuhangaika, isipoamka Jumatatu asubuhi mmeumia. Paswedi iandikwe ifungiwe kwenye sefu. Na ikigoma, izimeni mara moja tu kisha muiache, na kama mnasikia diski inagonga ko-ko-ko msiiwashe tena kabisa, tafuteni mtu wa kunakili kilichomo kwanza. Wakati mnasubiri, mwambieni fundi wa simu azihamishie simu za usiku kwenye simu ya mkononi ya mtu wa zamu, sisi hatukuwaza hilo na ni kazi ya dakika chache.

Na nyie mafundi, nawaomba kwa heshima, msiseme imekufa kabla hamjachomeka skrini. Mnapomfutia mtu diski mnamfutia na maneno ya wateja wake.

Sisi tumepanga kuizima na kuijaribu Jumamosi ya kwanza ya kila baada ya miezi mitatu, saa nane mchana. Wateja wetu mtakaopiga muda huo mkasikia inaita tu, mtuvumilie, mpige tena saa tisa na nusu.

Mpokea simu,
Posta, Dar es Salaam