Rapa aliyegeuka tumpime kwa mashairi

Ndugu Mhariri,

Kurasa za burudani zimezoea sifa moja: rapa aliyekuwa akiimba bata na matusi "amekomaa", sasa ana ujumbe. Ujumbe huo kaupangaje, hatuambiwi.

Chukua Nay wa Mitego. Mwaka 2016 BASATA, Baraza la Sanaa la Taifa, ilimfungia kwa sababu ya wimbo Pale Kati, kwamba umekiuka maadili. Machi 2017 akatoa Wapo, wa kuwasema wenye madaraka, akakamatwa Morogoro. Kesho yake Waziri wa Habari wa wakati huo, Mwakyembe, akatangaza kwamba Rais Magufuli ameupenda wimbo, msanii aachiwe, ila auboreshe kwa kuwaongeza wakwepa kodi. Wachambuzi waligombana kama jamaa ni shujaa au anatafuta kiki. Neno la wazi kuhusu mashairi likatoka Ikulu!

Rapa akihamia mambo mazito, kinachomwangusha kwanza ni wingi wa maneno. Biti ya mapigo 90 kwa dakika humpa sekunde 43 hivi kwa vesi ya mistari 16, yaani chini ya sekunde 3 kwa mstari. Silabi 12 hadi 14 hapo zinakaa vizuri. Akitaka kubana katiba, mikopo na bei ya unga katika mstari mmoja, zinafika 20, anakosa pumzi na mkazo unapotea. Kiswahili huweka mkazo kwenye silabi ya pili kutoka mwisho, na sikio la msikilizaji linaungoja palipo na snea, ile ngoma kali inayolia kwenye pigo la pili na la nne. Neno kuu likiteleza hapo, hata hoja nzuri inasikika kama taarifa ya habari.

Vina navyo vinadanganya. Vitenzi vyetu vingi vinaishia na "a", hivyo "wanapora" na "wanasema" huonekana kama vimeoana kumbe havina kina. "Ufisadi" na "zaidi" vinaonana kwa silabi ya mwisho tu. "Ufisadi" na "ahadi" vinashikana tangu kwenye mkazo. Malenga wanaopima mizani nane kwa nane wangeliona hilo mara moja, lakini ni nadra kuona wakiombwa kuchambua rap.

Halafu kuna dhana kwamba uzito ni kununa. Mwaka 2001 Profesa Jay, katika Ndiyo Mzee, alijivika ugombea na kumwaga ahadi zisizotekelezeka huku umati ukiitikia. Hakumhubiria mtu. Kiitikio kilifanya kazi ya hoja, na watu waliicheza. Wengi wanaogeuka leo huandika vesi kali kisha wakaweka kiitikio cha hotuba, na redio haikipigi.

Miksi, yaani kusawazisha sauti na ala, ndiyo huzungumzwa kidogo kuliko vyote. Wimbo wa kucheza huvumilia sauti iliyozama kwenye besi na kurudufiwa (kurekodiwa mara mbili) kila mstari. Wa ujumbe hauvumilii: prodyuza apunguze vinanda kwenye masafa ya sauti kati ya kilohezi 1 na 4, zilipo konsonanti nyingi, na arudufu maneno ya mwisho tu. Mwandishi wenu ausikilize mara moja kwenye spika ya simu, bila mashairi mbele yake. Asiposhika mstari wa tatu unasema nini, aandike hivyo, hata kama msanii amelala rumande.

Mtayarishaji wa muziki,
Dar es Salaam