Picha za chapa hazisubiri mashine, na mitaa yetu ina cha kuchorwa

Ndugu Mhariri,

Tunaomba nafasi katika safu ya barua tujibu hoja mbili zilizotolewa kwenye ukurasa wa utamaduni wa gazeti lako. Ya kwanza, kwamba sanaa ya picha za chapa, yaani zinazochongwa kwenye kibao, kikapakwa wino na kukandamizwa kwenye karatasi, haiwezi kushamiri Dar es Salaam kwa sababu mashine ya kuchapia ni ghali. Ya pili, kwamba mchoraji anayeishi Tabata, Goba au Mbagala hana budi kufunga safari hadi Bagamoyo au Zanzibar ndipo apate cha kuchora. Zote mbili tunazikataa, na hii ya pili ndiyo inayotukera zaidi.

Mtaa wa pembezoni umejaa maumbo yanayokubali kuchongwa: boma lisiloezekwa lenye nondo zilizochomoza juu ya lenta, matofali ya urembo yenye matundu, bati la migongo midogo, simtanki juu ya mnara wa zege, fremu tatu za maduka mbele ya nyumba ya kuishi, geti la kuchomelea lenye maua ya chuma, michongoma, nyaya za umeme zinazokatiza mbingu. Picha ya chapa hutegemea weusi, weupe na mistari inayojirudia, na ukuta wa tofali la inchi sita usiopigwa lipu tayari umejipanga hivyo. Majahazi na mibuyu vimechorwa vya kutosha, vipumzike kidogo. Anayechora nyumba aiendee saa kumi alasiri au saa moja asubuhi. Saa sita mchana kivuli kinakuwa kimejificha chini ya ukingo wa bati, nyumba nzima inaonekana bapa, na mchongaji hajui aache wapi na aondoe wapi.

Hata lino, ile malighafi inayochongwa, haikutoka kwenye majumba ya sanaa. Frederick Walton aliibuni Uingereza katika miaka ya 1860 iwe ya kutandika sakafuni: mafuta ya mbegu za kitani yaliyoganda, yakachanganywa na unga wa vizibo na kushikizwa kwenye gunia la juti. Claude Flight, aliyeifundisha London katika Grosvenor School of Modern Art, aliipenda kwa sababu ni rahisi kupatikana, na alitaka picha zake ziuzwe kwa bei ambayo mtu wa kawaida angeimudu. Huko kwenye kituo cha sanaa cha Rorke's Drift, Afrika Kusini, katika miaka ya 1960, lino hiyohiyo ndiyo iliyotoa kazi za wachapaji Azaria Mbatha na John Muafangejo. Hapa kwetu Edward Tingatinga alianza na bodi za ujenzi na rangi za kupaka baiskeli. Kuchukua kitu cha fundi ujenzi na kukifanya picha si jambo geni katika jiji hili.

Sasa kazi yenyewe. Lino halisi ina unene wa milimita 3.2 na hapa haipatikani kila duka. Kapeti la plastiki la sakafuni halifai kuwa mbadala, maana chini ya ngozi yake kuna sponji. Patasi ikishapita, ukingo unalegea na mstari unapinda. Mbadala mzuri ni plaiwudi ya milimita 4 yenye uso mweupe na laini. Ipigwe msasa namba 220, kisha ipakwe vanishi nyembamba mara moja, la sivyo mbao itakunywa wino wa nakala za mwanzo zote. Plaiwudi ina kasoro yake: ukikata kukatiza nyuzi, uso unachanika. Dawa ni kutangulia na wembe kwenye mpaka wa umbo, halafu ndipo patasi ifuate. MDF, ubao wa unga wa mbao uliogandishwa, haina nyuzi na inachongeka kila upande, ila vumbi lake ni baya kwa mapafu. Mchongaji avae barakoa na afanyie kazi nje.

Patasi za duka zikikosekana, mwavuli mbovu unatosha. Zile fimbo zake zenye mfereji hukatwa vipande vya sentimita 8, zikanolewa upande wa nje kwa jiwe la mafuta na kukazwa kwenye mpini wa mti. Zinatoa mstari mwembamba wa kuchora nondo au majani. Kwa sehemu pana itumike patasi ya mdomo wa U. Ajali nyingi za mkono zinatokana na patasi butu, kwa sababu mtu huisukuma kwa nguvu nayo ikaruka. Mkono unaoshikilia kibao ukae nyuma ya patasi siku zote, na mezani pawe na ubao wenye kingo mbili, mmoja chini wa kushika meza na mwingine juu wa kuzuia kibao kisiteleze.

Mchoro huandaliwa kwenye karatasi nyembamba kwa penseli laini ya 4B, ukalazwa kifudifudi juu ya kibao na kusuguliwa mgongo. Hapo unageuka wenyewe kulia kushoto, na ukichapwa unarudi ulivyokuwa. Anayeruka hatua hii hushtuka akifika kwenye maandishi. Chukua yale ya ukutani yanayojulikana kuliko yote, NYUMBA HII HAIUZWI. Herufi nyingi humo hazibadiliki zikigeuzwa. Zinazoumbua wanafunzi ni N, B na Z, pamoja na mpangilio wa maneno wenyewe. (Ile X nyekundu ya bomoabomoa haina shida hiyo. Inasomeka vilevile kutoka kila upande.)

Katika kuchonga, kinachobaki juu ndicho kitakachoshika wino. Kila mstari unaobaki uwe na mteremko, mpana chini na mwembamba juu. Mwanafunzi akiinamisha patasi kuelekea ndani ya mstari, anauchimba chini na unavunjika rola ya wino inapopita, kwa kawaida kwenye nakala ya tano au ya sita, wakati kazi imeshanoga. Mstari wa kubaki usipungue milimita moja. Ndiyo maana nyaya za umeme ni rahisi kuzichonga ziwe nyeupe juu ya mbingu nyeusi kuliko kinyume chake. Kina cha milimita 2 kinatosha kwenye lino. Ukiona gunia umepitiliza. Lino iliyokauka na kuwa ngumu ianikwe juani dakika kumi, italainika.

Wino wa maji unavutia kwa kuwa unasafishwa kwa maji, lakini kwa joto la pwani, feni ikiwa inazunguka, unakauka kwenye kioo unapotandaziwa kabla nakala ya tatu haijatoka. Wino wa ofseti, ule wa makopo wanaotumia wenye mashine za kuchapa vitabu, unafaa zaidi: ni mzito, unanata, na kilo moja inadumu. Rangi ya mafuta ya kupakia milango isitumike kabisa. Ni nyepesi, inajaza mikato yote, na matundu ya matofali ya urembo yanageuka doa moja jeusi.

Kwa kibao cha ukubwa wa A4, weka wino wa kijiko kimoja cha chai juu ya kioo na uutandaze kwa rola ya mpira hadi uwe mwembamba. Ukitandazika vizuri, rola hutoa mlio mdogo wa kunata. Uso wa wino ukifanana na ganda la chungwa, umezidi, upunguze. Rola ya sponji ya kupakia ukuta inazama kwenye mikato, haifai. Pitisha rola kwenye kibao mara kumi hadi kumi na tano, kila mara na wino kidogo, ukibadili mwelekeo. Nakala mbili tatu za mwanzo zitatoka zimepauka; hilo ni la kawaida.

Karatasi ndipo watu wanapopoteza fedha bure. Wananunua nene wakidhani ndiyo bora, kisha wanasugua kwa kijiko na picha inatoka na vidoa vyeupe kila mahali. Kijiko hakina nguvu ya kusukuma karatasi nene. Ya gramu 60 hadi 90 kwa mita ya mraba ndiyo saizi ya mkono, na ya gramu 200 iachiwe mashine. Laza karatasi, funika na karatasi laini ya kuokea isichanike, anza katikati ukielekea pembeni kwa mgongo wa kijiko cha chuma au mwiko, bila haraka. Inua kona moja huku kiganja kikibana upande wa pili. Ukiona pamepauka rudisha na usugue tena. Dakika saba au nane kwa nakala moja si nyingi. Anayetaka mashine amwone fundi wa kuchomelea mtaani kwake: fremu ya chuma, jeki ya gari ya tani sita, springi mbili za kurudisha, na bamba la chuma la milimita 20. Bamba jembamba hupinda na katikati ya picha hubaki peupe.

Kwa rangi nyingi kutoka kibao kimoja, njia ambayo Fred Mutebi wa Uganda anajulikana nayo, huchapwa kwanza rangi nyepesi kwenye karatasi zote, kibao kikachongwa tena, ikafuata inayokoza. Hakuna kurudi nyuma, kwa kuwa kibao kinaliwa kadiri kazi inavyokwenda. Ukitaka nakala 30 nzuri, anza na 36. Kona ya kadibodi yenye umbo la L, iliyogundishwa mezani, ndiyo itakayofanya rangi zikae mahali pake. Masika wino huchelewa kukauka na karatasi hutanuka, kwa hiyo rangi ya pili ikisubiri wiki nzima huenda isikae sawasawa na ya kwanza. Kazi za rangi tatu na zaidi zisubiri kiangazi.

Tumekaa sana kwenye ufundi kwa sababu ndiko inakotoka hoja yetu. Picha ya chapa ina nakala nyingi, na zote ni halisi. Mchoraji wa rangi akichora nyumba ya mtu, picha inaondoka na mnunuzi mmoja, na mwenye nyumba hana anachobaki nacho. Mchapaji anaweza kumwachia yake. Jambo hili lina faida ya papo kwa papo pia: mgeni anayesimama mbele ya geti na daftari hudhaniwa dalali au mpimaji, na wasiwasi wa watu una sababu zake. Mchapaji apite kwanza ofisi ya serikali ya mtaa, aongozane na mjumbe, apige hodi, aonyeshe kazi iliyokamilika. Katika kila toleo, yaani nakala zote za picha moja, za waliochorwa zitengwe kabla ya mauzo. Tunaowajua wanatenga moja kati ya kila tano.

Kuna kazi nyingine inayofaa mtaa mzima, nayo ni ramani ya vibao. Bodi moja ya plaiwudi ya futi 4 kwa 8 ni sentimita 122 kwa 244. Inabeba vibao 72 vya sentimita 20 kwa 20, sita upana na kumi na mbili urefu, na kibaki kiukingo kidogo pembeni. Kila kaya inachonga kibao chake: duka, mwembe, msikiti, kanisa, kijiwe cha bodaboda. Ili barabara ziungane, sharti moja tu: barabara ikifika ukingoni mwa kibao iingie katikati, kati ya sentimita 8 na 12. Kwa kuwa ni katikati, kugeuka kwa picha hakuiharibu. Kinachosahaulika ni kwamba mpangilio wa vibao juu ya bodi nao ugeuzwe, cha kulia kikae kushoto. Vinginevyo kila nyumba itatoka sawa, lakini mtaa utakuwa umegeuka. Vibao vyote viwe vya plaiwudi ya unene mmoja. Kinachozama kiwekewe kadibodi chini.

Kwa ramani hiyo hakuna mashine inayohitajika. Kitambaa cha marekani kifuliwe kwanza kitoke wanga, kikaushwe, kipigwe pasi, na kizidi bodi kwa sentimita 10 kila upande. Wino robo kilo uwe tayari. Watu wanne wenye rola wapake vibao chini ya kivuli, kitambaa kilazwe na watu wanne walioshika pembe, kianze kugusa katikati, juu yake liwekwe blanketi, halafu watu wavue viatu na kukikanyaga kwa hatua fupifupi. Huko nchini Marekani wengine hufanya hivi kwa rola la kushindilia barabara, lakini likikata kona linakunja kitambaa. Miguu ya watoto haina tatizo hilo. Wino wa ofseti kwenye kitambaa upewe wiki mbili kabla ya kufuliwa.

Mwisho, Mhariri, tuna ombi kwa dawati la utamaduni. Picha iliyopigwa kwa kamera na kutolewa kwa printa ya kompyuta isiitwe chapa, hata ikiwa na sahihi. Chapa huandikwa kwa penseli chini ya picha, kushoto namba kama 7/30 (nakala ya saba kati ya thelathini), kulia sahihi, kwa sababu wino wa kalamu hupauka. Mnapochapisha kazi ya aina hii gazetini, chini yake muandike kibao ni cha malighafi gani, ukubwa wake kwa sentimita, na nakala ni ngapi.

Wachapaji wa lino na mbao,
Tabata, Dar es Salaam